Mbele Kuna Nini, Mishi?

Kamba ya katani ikilowa maji hutoa harufu yake. Si harufu nzuri, nisikudanganyeni. Ni uchachu wa majani yaliyovunda, unaingia puani na kukaa. Juzi nilinunua kamba ya kuanikia nguo, mvua ikainyeshea kabla sijaifunga, na nilipoiokota niikung'ute nikajikuta nimeketi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, kamba mapajani, machozi yananitoka. Mjukuu wangu akaja kuniuliza nani ameniudhi. Nikamwambia ni kamba. Akacheka mpaka akashika mbavu, akaenda kuwatangazia wenzake kwamba bibi amegombana na kamba. Huyo kachukua kwangu. Kutangaza ni damu yetu.

Maana mimi, jamani, nilizaliwa na mdomo. Ninyi mliokulia Kibarani enzi zile huenda mnanikumbuka, na kama ninyi hamnikumbuki, basi masikio yenu yananikumbuka. Sikuweza kuona jambo nikanyamaza. Paka akipita nitasema paka kapita. Mgeni akiingia na kiraka kwenye suruali, nitakitaja kiraka kabla hajapewa kiti, na Mama atanifinya huku akimchekea mgeni. Mwalimu wa madrasa alinikalisha peke yangu upande wa ukuta, nikazungumza na ukuta. Mtaani waliniita Redio. Kaka yangu Athmani, aliyenitangulia, alikuwa kinyume changu kabisa: mtoto wa maneno machache na macho makali, akirusha jiwe kwenye embe, embe linashuka. Yeye akisifiwa, mimi nikiambiwa nifunge bakuli.

Baba alikuwa akipeleka mikate. Tajiri mmoja wa mjini alikuwa na tanuri, na Baba ndiye aliyepewa baiskeli ya kazi, ile nyeusi ya chuma kizito, yenye sanduku la mbao limefungwa kwenye karia. Humo zilipangwa boflo zingali na moto, zikafunikwa kwa gunia la unga lililofuliwa, na Baba akazipeleka kwenye maduka ya ndani ya shamba la mkonge, kule kwenye laini walikokaa vibarua. Zamani alikuwa akifuata lami mpaka lango kubwa la shamba. Halafu mwaka mmoja akabadilisha njia. Akawa anaikata lami mara moja tu, hapo nyuma ya mji, kisha anaingia njia za ndani za mkonge, njia za changarawe, akizunguka mbali mno. Na Jumamosi moja akasema, sote tukiwa tumekaa tunakunywa chai, kwamba kuanzia leo kila Jumamosi atakwenda na mtoto. Athmani alishasimama, anakaza mkanda wa suruali. Baba akasema, "Atakwenda Mishi."

Athmani akaketi tena, akaulegeza mkanda. Mama akacheka, akamwambia Baba kwamba atarudi na kichwa kinamuuma. Mimi sikucheka. Sikuwahi kuchaguliwa kwa lolote kabla ya hapo, hata kwenye mchezo wa kuruka kamba nilikuwa wa mwisho, kwa sababu nilimsimulia kila mtu anavyokosea. Na sasa Baba kanitaja mimi, mbele ya watu. Nilijiambia kwamba njia ile ndefu ameichagua ili tukae pamoja zaidi. Nikaamini hivyo kwa moyo wote.

Nilikaa kwenye chuma cha mbele, kilichozungushiwa kipande cha gunia nisiumie, miguu yote upande mmoja, mikono kwenye usukani katikati ya mikono yake. Kidevu chake kilikuwa juu ya kichwa changu. Nyuma yetu mikate ikinukia, na mbele, mkonge. Mkonge kulia, mkonge kushoto, mistari imenyooka mpaka inakutana huko mbali. Hapakupita gari. Trekta ya shamba ilipita siku za kazi tu. Jumamosi njia ilikuwa yetu, tairi zikisaga changarawe kwa sauti ya mtu anayetafuna bisi, na upepo ukija kutoka upande wa kiwanda ulileta ule uchachu ninaowaambia. Mimi nikiziba pua. Baba akiuvuta ndani kama vile ni udi.

Tukishaingia tu kwenye mkonge, aliniuliza, "Mbele kuna nini, Mishi?"

Huo ndio ulikuwa mchezo wetu. Nitamwambia kuna shimo upande wa kulia, naye atapinda kidogo kushoto. Nitamwambia kuna jiwe, kuna kamchanga kalaini, kuna mbuzi amelala njiani hana habari, naye atapiga kengele. Kisha atauliza tena, "Na nini kingine?" Hapo sasa ndipo mdomo wangu ulipofunguliwa. Nikamwambia kuna mkonge umetoa nguzo, mrefu kuliko mnara wa msikiti, na juu yake kumekaa ndege, kozi, anajikuna. Kuna kanga wa porini na watoto wake, mmoja kachelewa anakimbia. Kuna mwanamke anakuja na kuni kichwani, leso yake ya zambarau ina maua meupe, anatafuna kitu. Wingu lile limekaa kama ng'ombe aliyepiga magoti. Na nini kingine? Na nini kingine? Hakuna mtu aliyewahi kunitaka niendelee. Kwingine kote niliambiwa basi, inatosha, jamani huyu mtoto. Baba peke yake ndiye aliyeomba zaidi, na mimi nikampa, mpaka tukifika kwenye laini koo limenikauka, na mwenye duka, mzee mmoja Mgiriama, hunipa maji kwenye kopo kabla hajahesabu boflo zake.

Sasa ninyi wakubwa mmeshafahamu, kwa hiyo nisiwazungushe. Baba yangu alikuwa anapofuka. Macho yalikuwa yakifungika taratibu, kuanzia pembeni, mpaka akawa anaitazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Hakumwambia mtu. Tajiri angejua, angemnyang'anya baiskeli, na bila baiskeli nyumba yetu haikuwa na kitu. Ndiyo sababu aliikimbia lami na magari yake. Hayo nimeyajua baadaye, nami yamenisumbua karibu umri wangu wote, kwa sababu yameniachia swali ambalo sikuthubutu kumuuliza. Alinichukua kwa kuwa ananipenda, au alinichukua kwa kuwa anahitaji macho?

Dalili zilikuwepo, ila nilizisoma vibaya, kama sisi sote nyumbani. Alikuwa akikikumba kikombe cha chai kwa mkono na kukimwaga, halafu anajilaumu kwa haraka zake. Mtaani maneno yakaanza kwamba Bakari siku hizi anaringa. Ukimsalimia kwa sauti anaitikia vizuri, lakini ukimpungia mkono kutoka barazani anakupita. Kwetu hilo si dogo. Mama aliletewa habari hizo akisukwa nywele, akarudi kichwa nusu kimesukwa, akamuuliza Baba nini kimemwingia, tumekuwa matajiri lini mpaka tusipokee salamu za watu. Baba akasema atajitahidi. Tangu hapo akawa anawasalimia watu wote kwa sauti kubwa kabla hawajamsalimia, hata mabaraza matupu.

Na kulikuwa na pale penye lami. Kila tulipofika, Baba alishuka, akanishusha, akaniambia, "Tunyamaze kidogo." Tukisimama hivyo, yeye kainamisha kichwa. Siku hizo daraja la mkono wa bahari halijajengwa, magari yalivuka kwa feri, kwa hiyo yalikuja kwa mkupuo, yote yaliyoshushwa pamoja, kisha barabara inakufa kimya mpaka feri nyingine. Baba alikuwa akiusikiliza ule mkupuo upite wote. Mimi niliamini anawaombea dua waliogongwa pale. Nikafumba macho, nikainua viganja, nikasema amina. Sijui alifikiri nini aliposikia ile amina. Alinipandisha tena kwenye baiskeli, na nilihisi kifua chake kinacheka.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa Jumamosi, mvua za masika zimekwisha. Tajiri alikuwa amerudi kutoka kuhiji. Wafanyakazi wote wa tanuri walijipanga uani kumpa mkono, na majirani pia, maana mkono wa aliyetoka Makka unatafutwa kwa baraka. Baba aliegemeza baiskeli, akanishika bega, tukasogea na safu. Nilikuwa nimenyamaza kwa mara moja katika maisha yangu, kwa kuogopa zile kanzu mpya. Tajiri alikuwa amesimama upande, si mbele. Zamu yetu ilipofika akanyoosha mkono wake, naye Baba akaupita, akaenda hatua zake taratibu, mpaka bega la mtu likamzuia.

Mkono wa tajiri ukabaki umenyooshwa.

"Bakari," tajiri akasema, "mkono wangu una najisi?"

Athmani aliwahi kuniambia, tukiwa watu wazima, kwamba Baba angeweza kusema mawazo yake yalikuwa mbali, angesamehewa, na Jumatatu angekwenda kazini. Ni kweli. Lakini ilikuwa mbele za watu, na aliyepitwa alitoka kuhiji, na mtaa mzima tayari unasema Bakari anaringa. Baba aliona bora ajulikane kipofu kuliko ajulikane mtu anayekataa mkono wa Muislamu mwenzake. Akageuka upande sauti ilikotoka.

"Hasha, bwana," akasema. "Mkono sijauona. Macho yangu yamekwisha."

Akanyoosha wa kwake hewani, akangoja. Tajiri akaja mwenyewe kuupokea, akaushika kwa mikono yake yote miwili, na sitaki kumsingizia, hakuwa mtu mbaya, macho yake yalilowa. Akamuuliza mikate anaipelekaje kule shamba. Baba akairudia baiskeli pale alipoiegemeza, nami nyuma yake. Ndipo tajiri akaniona mimi, nimemganda Baba kwenye kikoi, akatikisa kichwa.

"Kumbe huyu mtoto ndiye fimbo yako."

Alisema kwa huruma. Lakini lile neno nililisikia mwili mzima. Nikainua uso kumtazama Baba, nikingojea aseme hapana, huyu si fimbo, huyu ni Mishi. Baba alikuwa akiupapasa usukani wa baiskeli, akiipapasa na ile kengele, kwa mara ya mwisho. Hakusema kitu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani aliniuliza kama redio imezima. Nikasema nimechoka. Nilikuwa mtoto, na mtoto akiumia hajui kueleza, hununa tu. Nilikuwa nimeshahesabu kila kitu kichwani: yale mashimo, yale mawe, yale Jumamosi zote. Athmani hakuachwa kwa sababu napendwa mimi. Athmani aliachwa kwa sababu hasemi. Kipofu hahitaji fimbo iliyo bubu.

Baada ya hapo Baba alikaa nyumbani. Yule mzee mwenye duka kule kwenye laini alimletea katani, akajifunza kusokota kamba, na akazisokota mpaka uzee wake. Aliloweka zile nyuzi kwenye karai, akazisokota juu ya paja, na nyumba yetu ikanuka ule uchachu mwaka mpaka mwaka. Hakulalamika hata siku moja. Mimi nilimtumikia, Mungu shahidi. Nilimpelekea maji ya kutawadha, nilimshika mkono kumvusha mitaro, hata nilipokuwa msichana mkubwa na wenzangu wananicheka. Na kila nilipomwongoza nilimtajia aliyoyahitaji. Ngazi, Baba. Jiwe. Tope hilo. Naye, zile siku za mwanzo, aliniuliza kama zamani, "Na nini kingine?" Nikimjibu, "Hakuna kitu, Baba. Njia safi."

Sikumjibu kwa ukali. Niliona ndiyo kazi ya fimbo hiyo, kutaja kinachokwaza, basi. Akauliza siku nyingi. Kisha akaacha kuuliza, na mimi sikumbuki hata ni lini aliacha. Nikaolewa Malindi, nikazaa, mdomo wangu ukarudi kwa watu wengine wote, sokoni wananijua. Kwa Baba tu ndiko nilikokuwa mtu wa maneno machache. Nikija kumtembelea nitamwambia shikamoo, ataniitikia marahaba mwanangu, nitamuuliza afya, nitamkatia kucha. Kisha tutakaa, yeye na kamba zake, mimi na kimya changu.

Alifariki usingizini, kama alivyoishi, bila kumsumbua mtu. Akazikwa, watu wakala hitima, wakatawanyika. Mama akaingia eda. Alikaa chumbani kwake amevaa nguo nyeupe, hatoki mlango wa mbele, hachunguliwi na wageni, na mimi nikabaki nimhudumie. Mchana mmoja nilikuwa nakunja nguo za marehemu, nikakikuta chini ya kasha kipande cha gunia, kile kilichozungushiwa chuma cha baiskeli nisiumie. Alikiomba kwa tajiri siku ile, kumbe. Kamba iliyokifunga bado ilikuwa na fundo lake. Nikakaa chini nikalia, na katika kulia, baada ya miaka yote ile, nikamwambia Mama lililokuwa moyoni. Nikamwambia kwamba Baba alinichagua niwe fimbo yake, basi, na kwamba nilikuwa radhi, lakini ningependa mara moja tu kuwa mtoto.

Mama akanigeukia. Alikuwa hajalia tangu msiba, nikadhani sasa atalia. Badala yake alikasirika.

"Mishi, Jumatatu mpaka Ijumaa wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema shuleni.

"Na mikate ilikuwa haiendi?"

Ilikuwa inaenda. Kila siku ilikuwa inaenda. Nilikuwa darasani nakunywa maziwa ya bure ya zile pakiti za pembe tatu, na Baba alikuwa kwenye mkonge peke yake na sanduku lake, na hakuwahi kuanguka, na hakuwahi kupeleka boflo iliyobonyea. Nimekaa na jambo hilo mbele ya macho yangu tangu utoto, mimi niliyeona kila kitu, na sikuliona.

"Yale mashimo aliyajua kwa makalio," Mama akasema. "Njia ile ameipita tangu hujazaliwa. Umtajie wewe shimo, mtoto wa juzi?" Kisha sauti ikamlegea. Akaniambia kwamba kila Jumamosi usiku Baba alikuwa akilala chali na kumsimulia aliyoyaona: kanga na watoto wake, kozi juu ya nguzo, mwanamke wa leso ya zambarau. Ndiyo maana yeye Mama hakushuku lolote. Mtu anayeona hata rangi ya leso atakuwaje anapofuka? Baadaye, kazi ilipokwisha, alimwambia ukweli. Alimwambia kwamba alijua macho yanakwenda, na alitaka kuyaona mambo mara nyingine kabla giza halijakamilika, na katika nyumba ile mtu wa kumwonyesha alikuwa mmoja. Athmani angemwambia njia. Mishi angemwambia dunia.

"Na lile neno la tajiri," Mama akasema, "alijua limekuingia. Alisema alikuwa ameishika baiskeli anaiaga, sauti haikutoka. Akangoja uulize. Hukuuliza."

Nilikishika kile kipande cha gunia, nikakumbuka kila mara aliponiuliza na nini kingine, nami nikamjibu hakuna kitu. Palikuwa na vitu, Baba. Palikuwa na watoto wanafukuzana, palikuwa na nguo kambani, palikuwa na miti imechanua. Nilikuvusha katikati ya yote hayo, nikakwambia njia safi.

Mama akaniacha nilie nimalize. Kisha akajisogeza kitandani, akaegemea ukuta, akafumba macho.

"Nimekaa ndani siku nyingi," akasema. "Nenda mlangoni. Nje kuna nini?"

Nikaenda nikasimama mlangoni. Nikajipangusa uso kwa ncha ya leso. Nikamwambia kuna jogoo wa jirani amepanda juu ya karai la Baba anajikung'uta. Nikamwambia mbao ya baraza imepasuka, na kuna mtoto wa nani sijui amekaa juu yake, kiatu kimoja kiko mguuni, cha pili yuko nacho mkononi anakinusa.

Nikanyamaza. Nyuma yangu Mama akauliza, "Na nini kingine?"

Nikaendelea.